Barua kwa Zuhura: watu wa kumzunguka mzee

Moshi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Habari za mzee zimenigusa, pole sana shoga yangu. Hata hivyo nashukuru kwamba mmeshajua anaumwa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukakamaa kwa mwili. Huku wilayani Hai watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye Parkinson, na wengi waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao, sembuse kupewa dawa.

Umeniuliza bingwa gani anafaa. Wapo Muhimbili, na hapa Moshi katika hospitali ya KCMC pia. Lakini bingwa wa mishipa ya fahamu atamwona mzee mara chache kwa mwaka, na siku nyingine zote atakuwa nanyi. Mtafutieni daktari wa karibu hapo Tanga, awe yule yule kila mara, mwenye nakala ya maelezo ya bingwa. Ampime presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, maana wagonjwa hawa presha huweza kushuka wanapoinuka, wakaanguka.

Mfamasia watu humsahau, nami namhesabu kati ya wa kwanza. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ina saa zake: inywewe kama nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu protini ya maharage, samaki au nyama hugombania nayo njia ya kuingia mwilini. Isikatishwe ghafla, kwa hiyo inunuliwe kabla haijaisha. Na kwenye jalada la daftari lake la kliniki andikeni kwa herufi kubwa: ASIPEWE PLASIL WALA HALOPERIDOL. Dawa hizo, ya kwanza ya kuzuia kutapika na ya pili ya maradhi ya akili, huzuia dopamini, kitu kile kile ambacho ubongo wake umepungukiwa, na akitapika zahanati inaweza kumchoma Plasil kwa nia njema kabisa. Mtu akiwaletea unga wa mbegu za upupu, mkataeni kwa adabu. Ni kweli zina levodopa, lakini kipimo kilichomo katika kijiko hakijulikani.

Mtu wa fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, msimngoje mpaka mzee aanze kuanguka. Mama yangu, mwenye ugonjwa huu huu, miguu ilikuwa inamganda mlangoni kama iliyopigwa misumari. Akafundishwa kusimama, kuvuta pumzi, kuhesabu kwa sauti, kisha kunyanyua mguu kana kwamba anaruka mstari. Anapita. Wataalamu wa usemi ni wachache, ila mzee akianza kukohoa kila anywapo chai, mwambieni daktari haraka: kinachopalia huingia mapafuni na kuleta nimonia.

Akinyamaza, akakataa kwenda barazani, msiseme ni uzee. Sonona, huzuni nzito isiyoisha, huambatana sana na ugonjwa huu, nayo ina tiba. Na wewe, gawaneni zamu na kaka zako. Usibebe usiku wote peke yako, Zuhura, nakuomba.

Mzee mwenyewe mwulizeni anataka kuweza nini kwanza. Mama alitaka kwenda kanisani kwa miguu yake, basi saa za dawa na mazoezi tukazipanga kwa ajili ya Jumapili asubuhi. Yeye akisema msikitini, daktari na mtu wa mazoezi waambiwe hivyo hivyo.

Nitumie majina ya dawa zote anazotumia, za presha na za kienyeji pia, tuziandike kwenye karatasi moja kabla ya kliniki. Msalimie sana. Mwambie nitampigia Jumamosi, niongee naye mwenyewe.

Wako akupendaye,
Neema