Mheshimiwa Waziri, lebo ya bati inalipiwa na mwenye sululu

Mheshimiwa Waziri wa Madini,

Salaam kutoka Kurasini, Dar es Salaam. Mimi ni karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo karatasi hazinitishi. Kwetu ni Kyerwa, Kagera, na mjomba wangu anachimba bati huko.

Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni za soko lao la hisa zieleze kama madini ya bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu zinayotumia yametoka Kongo au nchi jirani. Sisi mpaka wetu na Kongo uko majini, Ziwa Tanganyika, lakini tuliingizwa kapu moja. Kyerwa hakuna vita. Bunduki anayoijua mjomba ni ya mgambo.

Nia ilikuwa kuwanyima fedha wenye silaha, na siibezi. Ila tuliona yaliyotokea Kongo: Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo katika majimbo ya mashariki, Kivu zote mbili na Maniema. Alipoufungua Machi 2011, wanunuzi wengi walikuwa wanajitoa, maana kuacha kununua ni rahisi kuliko kuchunguza. Baadhi ya wenye bunduki wakahamia kwenye dhahabu, inayofichika mfukoni. Mwenye sululu angehamia wapi?

Bati halifichiki. Mfuko wa unga wa kilo tano ukijaa bati, mtu mzima anaunyanyua kwa mikono miwili na kugumia. Mjomba aliwahi kuwa na mifuko minne ya namna hiyo uvunguni, chini ya kitanda cha watoto, kwa sababu mnunuzi alimwambia mzigo usio na karatasi hauna bei. Ada za shule zilipofika, mifuko ikaondoka usiku kwa bodaboda kwa bei ya kutupa. Ilikokwenda sikuuliza, na Kyerwa mpaka wa Rwanda na Uganda hauko mbali.

Masoko ya madini yaliyoanza 2019 yamesaidia, nakiri. Lakini lebo inayofungwa kwenye mfuko kuonyesha bati limetoka wapi, pamoja na ukaguzi, vina gharama, na gharama hiyo inashuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye bei ya aliye ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia. Naomba makato hayo yabandikwe ukutani sokoni, kwa kilo, kila mtu ayasome. Naomba pia mkaguzi awafuate wachimbaji kwenye maduara, wasimsubiri wao na mzigo uvunguni.

Na mkikaa tena na Wazungu, ambao Umoja wao wa Ulaya una kanuni yake ya madini hayo inayotumika tangu 1 Januari 2021, mwiteni mchimbaji mmoja mezani. Mjomba hana suti, lakini nauli ya basi mpaka Dodoma nitamlipia mimi.