Nisomee ukurasa wa tatu kabla hujasaini

Mpwapwa, Jumatatu usiku, 16 Juni 2025

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Jumamosi hata salamu sikukuitikia vizuri, nikampa mama yako simu kwa sababu kibanda kilikuwa kimejaa wateja na mimi sikuwa na la kusema mbele yao. Sasa wote wamelala. Naandika kwa mkono, asubuhi mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Umeshausaini ule mkataba wa kwenda kucheza ngoma hotelini kule Ghuba, Uarabuni? Kama hujasaini, usisaini. Kama umesaini, nipigie ukiipata tu barua hii, hata kama ni saa nane usiku, usiogope kuniamsha.

Katika yote uliyonisomea nilishika maneno machache tu: "pamoja na kazi nyingine atakazopangiwa na mwajiri." Wewe uliyapita haraka ukaenda kwenye mshahara. Mimi ndiyo niliyolala nayo. Mcheza ngoma anapangiwa kazi gani nyingine hotelini? Kufua mashuka? Kukaa mezani na wageni mpaka saa tisa usiku? Aliyeandika hivyo anajua anachokitaka, na kama hakiandiki waziwazi ana sababu yake. Mimi ni fundi cherehani, nimeona wateja wanaosema "we shona tu, tutaelewana." Hatujawahi kuelewana.

Mama mmoja wa hapa sokoni, binti yake alikwenda hukohuko Ghuba akiambiwa ni kazi ya kushona. Alishona mwezi mmoja. Baadaye alipelekwa nyumbani kwa mtu kulea watoto, na pasipoti ikawa kabatini kwa mwenye nyumba. Kule ukaazi wako umefungwa kwa mwajiri wako, mama. Ukikorofishana naye si rahisi kuchukua begi lako ukaenda kuomba kazi hoteli ya jirani. Ukitoka mlangoni bila ridhaa yake unaweza kuonekana mtoro, hata kama yeye ndiye aliyekukosea.

Na huyo wakala, leseni yake umeiona kwa macho? Siyo picha kwenye simu yake. Mtu anayepeleka watu kazini nje ya nchi anatakiwa awe amesajiliwa, na TaESA wapo, wakala wa serikali wa huduma za ajira, waulize kama wanamjua. Ukitoka hapo pita BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, uwaulize msanii anayekwenda kufanya kazi nje anatakiwa awe na nini mkononi. Bagamoyo mpaka stendi ya Makumbusho, Dar, ni basi moja. Nauli nitakutumia, usiseme huna.

Sisemi usitoke. Mama yako anadhani ndicho ninachosema. Mzee Hukwe Zawose alikuwa Mgogo kama sisi, akakaa hapohapo Bagamoyo unaposoma wewe, akazitoa ilimba na zeze, ala zetu za muziki, huku kwetu akazifikisha Ulaya na Japani. Habari za kifo chake zilipofika, mwishoni mwa 2003, babu yako hakushona kutwa nzima. Mtu kutoka na ngoma yake akarudi nayo, nani atakataa? Nauliza tu unatoka kwa karatasi gani.

Halafu uliniambia, "Baba, nikimaliza hapa kuna nini kingine?" Neno hilo limenikera, nakwambia kweli. Ya fomu ya uuguzi unayajua, siyarudii. Lakini aliyegombana na baba yake miezi minne ili asomee sanaa hawezi kufika mwisho wa stashahada ndipo aulize kuna nini. Ulitakiwa uniambie wewe. Basi nimeuliza mimi.

Kuna mwalimu wa sekondari analeta suruali zake hapa kupunguzwa. Anasema tangu Januari 2024 kidato cha kwanza kimeanza kuwa na mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na kazi, na sanaa imo humo. Kwa hiyo anatafutwa mtu wa kufundisha muziki na maigizo kwa mikono yake, siyo kwa kusoma kitabuni. Anasema utahitaji kuongezea mafunzo ya ualimu. Najua utakunja uso. Kunja, kisha ufikirie.

Kama ni hoteli unazozitaka, Unguja ziko tele, Nungwi, Kiwengwa, Paje, na vikundi vya ngoma na sarakasi vinazizunguka wiki nzima, leo hapa kesho pale. Ukikosana na mmoja unavuka kwa boti unarudi nyumbani, pasipoti haihitajiki. Ila ujue msimu. Wageni wanajaa Julai mpaka Septemba, na tena Desemba mpaka Februari. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingine zinafunga kabisa. Usipange chumba cha mwaka kwa hesabu ya pesa ya Agosti.

Kuchora pia unajua, na mtu asikwambie ni kazi ya pembeni. Edward Tingatinga alichora miaka michache tu kabla hajafa mwaka 1972, kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao, na mpaka leo kuna watu Oysterbay wanasomesha watoto kwa mtindo wake. Kuta za madarasa ya awali, fulana, mabango, mapambo ya seti za filamu, vyote ni mkono wako huohuo.

Ila mimi nataka nikwambie la maleba, mavazi ya jukwaani. Lile vazi ulilonirudishia Desemba limepasuka kwapani pande zote mbili, baada ya wewe kuondoka nililishona mara tatu. Mara ya kwanza nilibadili uzi. Mara ya pili nikaongeza upana wa mkono, likawa kama kanzu. Mara ya tatu nikamwita mdogo wako alivae, nikamwambia anyooshe mikono juu kama wewe unavyofanya, nikachuchumaa pembeni nikaangalia. Nikaona siyo mkono unaovuta, ni vazi zima linapanda kutoka kiunoni. Basi nikakata kipande cha pembe nne, upana wa vidole vinne, kitambaa nikakilaza kimshazari ili kivutike, nikakitia kwapani. Akanyoosha mikono, kiuno hakikusogea hata kidogo. Nikamwambia aruke, akaruka mpaka mama yako akatoka nje kuuliza kuna nini.

Sasa niambie, kwaya ngapi, vikundi vingapi vya harusi, watu wangapi wa filamu wanavaa mavazi yanayowapasukia jukwaani? Mimi sijui jukwaa. Wewe unalijua, tena unachora. Ukinichorea na kuniambia mwili unakwenda wapi, nitakata. Mkiwa kikundi, halmashauri inakopesha bila riba kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake na 4 kwa vijana, na wewe uko pande zote mbili. Mama yako anasema haya yote nayasema ili nikurudishe karibu. Inawezekana. Lakini kipande cha kwapani ni cha kweli, nitakutumia vazi ulijaribu.

Narudi kwenye mkataba. Ukurasa wa tatu ulisema unahusu picha na video, ukasema "hizo ni kawaida tu, baba." Nisomee neno kwa neno. Utakwenda kucheza nini kule? Utacheza muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Nani alikufundisha kubana ile ngoma kati ya mapaja, akakupiga kofi la mgongo ulipoinama vibaya? Kama karatasi inasema kila watakachorekodi ni chao daima, basi unasaini na ya bibi yako, na ya mama yake bibi yako. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda msanii, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa kazi hiyo, lakini ulinzi huo unaweza kuutoa mwenyewe kwa kalamu. Nenda na karatasi yako ukawaulize.

Ulisema jambo jingine Jumamosi ambalo mama yako ndiye aliyelisikia. Kwamba unakwenda ili miezi sita ya kwanza uninunulie cherehani, Singer nyingine badala ya ile.

Ada ya mwaka wako wa kwanza ililipwa na mbuzi wa mama yako, sita. Singer iliondoka na mwenye vitambaa. Kuna shule niliishonea sare 140, sikuandikishana nao hata mstari mmoja. Mkuu wa shule akahamishwa, aliyekuja akasema haoni maandishi yoyote, na vitambaa nilikuwa nimevichukua kwa mkopo. Wewe uliposimama kanisani ukasema baba aliuza cherehani yake ili nisome, watu walinipigia makofi, nami nikabaki nimekaa. Sikukurekebisha siku ile, wala siku nyingine. Kwa hiyo hunidai wala sikudai. Hiyo Singer isiwe ndiyo inayokuharakisha kusaini. Mama yako ukimpata, mshukuru kwa mbuzi.

Nyumbani tuko salama. Paa la jiko tumebadili bati mbili, lile la upande wa mwembe bado linavuja lakini mvua zimekwisha, litasubiri. Karanga tumepata gunia tatu, alizeti kidogo kuliko mwaka jana. Kodi ya kibanda imepanda, nimelipa ya miezi mitatu. Mdogo wako anataka kujiunga na timu ya mpira ya kata na viatu hana, kama kuna mitumba mizuri huko Dar siku ukienda BASATA, mtazamie namba 41, visiwe vyeupe. Mbwa alizaa, tumebaki na mmoja.

Bibi yako magoti yanamsumbua lakini mikono mizima. Jana alianika ngoma yake juani, jua likawa dogo, akaisogeza kwenye moto wa jikoni, akawa anaigeuzageuza na kuigonga kwa kidole mpaka ngozi ikaitika. Nikamuuliza anaikazia nani. Akasema wewe ukija utaikuta tayari. Sikumwambia la Ghuba. Mwambie mwenyewe.

Nipigie kesho baada ya saa mbili usiku, kibanda nitakuwa nimeshafunga. Uwe na karatasi mkononi, tuanze na ukurasa wa tatu, halafu yale maneno ya kazi nyingine. Nitakuwa na kalamu, nitaandika kila neno.

Baba yako