Risala ya Klabu ya Usanifu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanachuo wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Katika mabanda utawakuta wanafunzi wa umeme, ujenzi, bati, ushonaji na kompyuta chini ya klabu moja. Ratiba ya masomo inauweka usanifu, yaani kazi ya kubuni kitu kabla ya kukitengeneza, kama mali ya idara ya ujenzi. Sisi hatukubaliani nayo.

Mheshimiwa, mwaka huu tulisoma jiko la kauri, lile lenye kiuno, lililosanifiwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuoanisha jiko la ndoo la Thailand na jiko la bati la mafundi wa jua kali. Tulilipasua kwa msumeno ili tulione ndani. Kauri imekaa nusu ya juu tu. Chini ni bati tupu na kijimlango cha hewa. Kauri inatunza joto, bati linabeba uzito, na katikati kuna saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto, ya kuvishikanisha. Mfinyanzi akizidisha kipimo kidogo tu, kauri haiingii. Akitoboa matundu makubwa mno, mkaa unadondoka. Akiyabana, moto haupumui. Na hata yote hayo yakikaa sawa, jiko halinunuliwi ikiwa sufuria inayumba mtu anaposonga ugali. Hilo la mwisho alitukumbusha mpishi wa bweni, si mwalimu, na tunaomba radhi kwa walimu.

Wazo hili, kwamba usanifu ni wa fani zote, halikuanzia kwetu. Mwaka 1962 wahandisi, wasanifu majengo na wabunifu wa bidhaa walikutana Imperial College, London, kujadili mbinu za usanifu zinazovuka mipaka ya fani zao.

Changamoto yetu kubwa ni karakana. Kila idara ina yake, na kila moja ina ufunguo wake. Kazi za mwaka wa mwisho nazo zinasahihishwa idara kwa idara, kwa hiyo kazi ya fundi umeme na mshonaji waliyoifanya pamoja haina wa kuipa alama.

Tunaomba utusaidie kupata chumba kimoja cha pamoja, mashine ya kukunjia bati na tanuri dogo la kuchomea udongo. Aidha, tunaomba utuombee kwa uongozi wa chuo kazi ya mwisho iruhusiwe kufanywa na wanafunzi wa idara tofauti. Ombi hili halihitaji hata shilingi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.