Shosti, ile meza ya mlangoni imeanza kufanya kazi

Shosti wangu wa Bagamoyo,

Za siku nyingi? Watoto hawajambo? Mama anaendeleaje na ule mguu, ameshaanza kutembea mwenyewe? Meseji yako niliiona tangu wiki iliyopita, nikawa najiambia nitajibu jioni, jioni ikifika nimechoka, sa leo Jumapili nimemaliza kufua nimekaa hapa barazani nikuandikie vizuri, maana ulichouliza hakijibiki kwa meseji mbili tatu.

Umesema huko ulikohamishiwa watu wanajaa kuanzia asubuhi lakini vitabu haviguswi, ukaniuliza sisi tunafanyaje. Shosti, hiyo sio maktaba yako peke yako. Hata hapa kwetu ukifika saa tatu viti vimeisha, kuna wa fomu foo, kuna wa fomu siksi, wanachuo, watu wanaojiandaa na usaili wa ajira, kila mtu na madaftari yake na chaja yake, halafu ukigeukia shelfu za riwaya unakuta vumbi. Wanakuja kwa sababu kuna utulivu na kuna pa kuchomeka simu. Kuna kipindi nilikuwa naumia kabisa, naona kama tumegeuzwa darasa la kujisomea tu na sisi kazi yetu kusema shhh. Siku hizi siumii tena. Mtu ameshaingia mlangoni, hapo ndo palikuwa pagumu, iliyobaki ni kazi yetu sisi.

Sa nikueleze tulichofanya. Ile meza iliyokuwa imelaliwa na magazeti ya zamani tuliifuta tukaiweka karibu na mlango, pale pale ambapo mtu lazima asimame akikabidhi begi. Juu yake vitabu kumi tu, hatuzidishi, kwa sababu tulijaribu thelathini watu wakawa wanapita tu kama wanapita genge lililojaa vitu vingi hawajui waanze na kipi. Kila kitabu kina kipande cha boksi, tunakata maboksi ya biskuti, na mfanyakazi mmoja anaandika kwa mkono wake kwa nini yeye anakipenda. Sio ule muhtasari wa nyuma ya jalada, hapana, anaandika kilichompata yeye alipokisoma. Mistari miwili mitatu. Na wote tunaandika, mpaka mlinzi wetu, na nikwambie ukweli kipande cha mlinzi ndo kinachosomwa kuliko vyetu wote. Kaandika kuhusu Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ile ya mpelelezi Willy Gamba, ya mwaka 1974: "Nilianza saa mbili usiku, nikashtuka naisikia adhana ya alfajiri." Basi. Hicho kitabu tangu kiwekwe hakijalala ndani hata wiki moja.

Halafu kuna kitu kimoja tulikubaliana na hiki ndo naomba ukizingatie sana. Kitabu kipya hakikai mezani peke yake, lazima kiwe na mwenzake wa zamani pembeni. Sababu yake unaijua, vitabu vipya tunavipata kwa kudondoka dondoka, nakala moja, nakala mbili, mtu akisikia redioni kuna kitabu flani anakuja mbio anakuta kimeazimwa na kuna watu sita wanakisubiri, anaondoka amenuna na harudi. Wakati huo huo huko nyuma kuna vitabu vya miaka ya sabini vimejaa, vizima, vizuri, hakuna wa kuvishika mkono.

Mfano Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Alipopata Nobel mwaka 2021 watu walikuja kuuliza vitabu vyake kwa Kiswahili tukawa tunatazamana tu, mpaka mwaka uliofuata ndo ikatoka hiyo tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Sisi tuna nakala moja. Sa anayeikosa namwambia subiri kidogo, kule kwenye Peponi kuna mtoto anaitwa Yusuf, baba yake kashindwa kulipa deni kwa tajiri basi mtoto anachukuliwa akatumikie, unajua kuna nyumba nyingine ya bwana na watumishi inakusubiri hapa, nampa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, ya mwaka 1978. Naye anakutana na Kijakazi, yule mtumishi, na lile shamba la karafuu na yale mateso mpaka Mapinduzi ya 1964. Wengine wakimaliza wanasahau kabisa kama walikuwa kwenye foleni ya kitabu kingine, wanauliza huyu Adam Shafi ana kingine? Anacho, anavyo! Nawapa Kuli, wale makuli wa bandarini Unguja na mgomo wa 1948, kisha Vuta N'kuvute. Hiyo ya mwisho vijana wanaijua kwa ile filamu ya Amil Shivji ya 2021, wanakuja wanasema dada nataka ile ya Yasmini na Denge, wanashangaa kumbe kitabu kipo tangu 1999, yaani kuna wengine ni wadogo kuliko kitabu chenyewe.

Wanawake wanaopenda hadithi za majumbani nawaanzishia Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, ile iliyopata tuzo ya Mabati Cornell ya fasihi ya Kiswahili, nampa na Utengano ya Said Ahmed Mohamed ya 1980. Sikuelezi zaidi, zisome mwenyewe uone zinavyozungumza.

Sa nije kwenye kosa langu, kwa sababu hili sitaki likupate.

Mwaka juzi alikuja kijana mmoja, mtulivu, amezoea kukaa kona ile ya feni. Akaniambia dada nipe kitabu chochote kizuri cha Kiswahili. Mimi bila kuuliza hata neno moja nikampa Kichwamaji ya Kezilahabi. Naipenda ile riwaya shosti, wewe unajua tangu chuoni nilivyokuwa naisifia, na nikampa kwa sababu naipenda mimi. Baada ya siku mbili akarudisha. Hakusema kibaya, aliiweka tu kaunta taratibu akasema, dada, hiki kimenilemea, nilimzika kaka yangu mwezi uliopita. Nilikosa pa kuweka uso. Unajua Kazimoto, yule mhusika mkuu, anavyoishia kujiua. Mtu katoka makaburini anakuja kwangu kutafuta pa kupumzisha roho namkabidhi kitu kile, na alikuwa amesimama mbele yangu na ningeweza kumuuliza ndani ya dakika moja tu.

Nikamuomba radhi pale pale. Nikamuuliza sasa nilichotakiwa kuuliza mwanzo, umewahi kusoma kitabu gani ukakifurahia? Akafikiri, akasema shule ya msingi walisomewa hadithi za Abunuwasi. Na unataka kiwe cha namna gani saa hizi? Akasema, cha mtu anayetulia. Hilo neno nimelishika mpaka leo, cha mtu anayetulia. Nikaenda nikamletea Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, kile kilichochapishwa 1968 yeye mwenyewe akiwa ameshafariki miaka sita nyuma, hadithi ya mtu anayeacha kazi yake mjini anarudi zake kijijini kulima. Kidogo, chembamba, hakimtishi mtu. Alikaa nacho wiki mbili. Aliporudisha alinyoosha kitabu kwa mikono miwili, akauliza, huyu mzee ana kingine?

Kwa hiyo shosti tangu siku hiyo hatumpi mtu kitabu kabla ya kuongea naye. Na wala hatuulizi "unataka mada gani" kwa sababu hilo swali linamtia mtu aibu, anaona kama yuko kwenye mtihani, anakujibu yoyote tu. Sisi tunauliza kitabu cha mwisho kukimaliza kilikuwa kipi, na kama hajawahi kumaliza kitabu tunauliza tamthilia gani anaangalia kwenye tivii. Hapo mtu anafunguka! Atakusimulia dakika kumi, we unasikiliza tu, anapenda mapenzi, anapenda upelelezi, anapenda familia zinazogombea mali. Unamaliza kumsikiliza unajua shelfu gani uende. Unakumbuka mwalimu alivyotukaririsha zile kanuni tano za Ranganathan, yule mkutubi wa India, za mwaka 1931, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake? Tulizikariri kwa ajili ya mtihani. Mimi nimezielewa kwa yule kijana wa kona ya feni.

Na jingine, usimtume mtu kwenye namba. Mimi na wewe tukiambiwa 896.392 tunajua hapo ndo fasihi ya Kiswahili inapokaa, ila mwenzio anaona ni namba ya simu. Nyanyuka, mpeleke, mtolee vitatu, muachie achague mwenyewe, na umwambie kabisa kurasa ishirini zikipita hujakipenda rudisha hatuna ugomvi. Watu wengi wanaogopa kuazima kwa sababu wanadhani ni lazima wakimalize.

Sa ngoja nikusimulie jambo lililonifurahisha mwezi uliopita, maana mabaya yasiwe peke yake.

Kuna mzee mstaafu anakuja kila siku kusoma magazeti, anakaa dirishani kwa ajili ya mwanga. Na kuna kijana wa bodaboda, huyo alianza kwa kuchaji simu tu, mlinzi ndo alimuingiza kwa Willy Gamba, akamaliza Musiba zote tulizonazo, akaingia kwa Ben Mtobwa akamaliza, akaja kwangu anasema dada nimeishiwa. Nikamwambia bado, nikampa babu yao wote, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Nikamuelezea kwamba hiki kilishinda shindano la uandishi hata kabla ya uhuru, kikachapishwa 1960, na humu kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na akili yake, na rafiki yake Najum. Kitabu chenyewe ungekiona, jalada limeshikiliwa na kitambaa na gundi, ile karatasi ya tarehe nyuma mhuri wa mwisho ni wa 1994. Miaka yote hiyo kimesimama tu pale.

Alipokuja kurudi alikuja mbio, hajavua hata helmeti. Dada, kurasa za mwisho hazipo! Nikafungua nikaona kweli, zimechanika zamani, uzi tu umebaki. Mimi ndo niliyekitoa na sikukikagua. Fikiria mtu amefuatilia upelelezi mwanzo mpaka mwisho halafu anakatwa pale ambapo Bwana Msa anataka kufungua mdomo. Nikaanza kumuomba samahani, ghafla yule mzee wa dirishani akashusha gazeti akasema, kijana, umefikia wapi? Yule akamwambia. Mzee akavuta kiti. Akaanza kumsimulia, taratibu, anaigiza na sauti, alikisoma akiwa midil skuli na hajakisahau. Na sisi wote tuliacha kazi tukasikiliza, hata wa fomu siksi walichomoa spika zao masikioni, na hakuna aliyesema shhh siku hiyo.

Sasa hivi wale wawili wana meza yao. Bodaboda anampelekea mzee vipya, mzee anamtolea vya zamani, na nimewapa vipande vya boksi waandike na wao. Mzee ana mwandiko mzuri mno, ule wa zamani wa kulala.

Sa shosti ndo naingia kwenye shida yangu. Naomba hapo ulipo uniangalizie Bwana Msa mzima. Mzimu wa Watu wa Kale kwanza, na ukipata Kisima cha Giningi pia nitashukuru maana cha kwetu hakionekani kabisa, kwenye rejista kipo kwenye shelfu hakipo. Kama nakala ni moja usiitume, nitolee kopi zile kurasa za mwisho tu nizishonee kwenye hiki chetu, mpe kondakta wa basi la Ijumaa aandike jina langu juu ya bahasha nitaenda kuipokea stendi mwenyewe. Na mimi nitakurudishia bahasha na vipande vitano vya boksi vya mfano, cha mlinzi kikiwemo, uone tunavyoviandika halafu uanze vyako.

Tarehe 7 Julai, ile Siku ya Kiswahili, tunataka kuweka meza mbili. Njoo kama utapata ruhusa, kulala utalala kwangu.

Msalimie mama, mwambie nampa pole sana ya mguu. Watoto wabusu.

Ni mimi shosti wako.

Halafu nisisahau: bodaboda ameniuliza tena jana kama bahasha imefika, nikamwambia hata barua sijaandika bado. Sa nimeandika.