Mguu ukivimba mmoja, Salma asikandwe

Langoni, Lamu

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Natumai huko Malindi nyote wazima, na kifua cha Babu Omar kimepoa. Sisi kwema, alhamdulillahi. Nilitaka kungoja tuonane arusini kwa kina Fatma, lakini nimesikia Salma amepangiwa kujifungua kwa upasuaji na kwamba mnataka kumleta huku kwa nyanya yake akamalizie arobaini. Hapo nikaona barua hii haingoji.

Habari za Mwanaisha zimekufikia? Kama umeambiwa alivimba mguu tu, si hivyo. Damu iliganda ndani ya mshipa wa paja. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto mzima, mnene, akapelekwa Shela kwa mamake. Desturi zetu unazijua: uji wa pilipili manga, mkaja wa kufunga tumbo, maji moto, na mzazi hashuki kitandani ila kwa haja. Wiki ya pili akaanza kulalamika shavu la mguu wa kushoto linamkaza, akikanyaga anauma. Kulipokucha mguu umejaa mpaka juu ya goti, na ule wa kulia uko vile vile. Wakubwa wakasema baridi imemwingia. Zahanati moja wakampa dawa ya maumivu, wakasema ni uchovu wa uzazi. Mkandaji akaitwa, mafuta ya nazi yakapashwa moto. Bahati wifi yake Zainabu akaingia, akaugusa mguu kwa mgongo wa mkono, akaona una joto kuliko mwenziwe. Akasema huu haukandwi, huu unakwenda hospitali sasa hivi.

Rukia, ndilo hasa ninalotaka ulishike. Mguu wa namna hii ukisuguliwa, bonge la damu laweza kumeguka, likasafiri mpaka mapafuni na kuziba njia ya damu. Mtu hubanwa pumzi ghafla, kifua kinamchoma kila akivuta hewa, moyo unamwenda mbio, pengine anakohoa damu au anazirai. Likifika hapo hakuna kungoja asubuhi, mtu anaweza kufa. Na wengine mguu hauwaumi hata kidogo, dalili ya kwanza wanaiona kifuani.

Tulimvusha kwa boti. Muuguzi akatoa utepe wa kupimia, akazungusha shavu la mguu mmoja, kisha la pili: wa kushoto umezidi kwa sentimita 4. Akabonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale. Halafu wakampiga picha ya ultrasaundi, bonge likaonekana. Wekundu tulikuwa hatujauona, kwa sababu ngozi zetu hazionyeshi upesi. Kwa hiyo usiutegemee. Wewe gusa, linganisha mguu na mguu.

Daktari alitueleza vizuri, Mungu amlipe. Alisema mwili wa mjamzito huandaa damu igande upesi ili asivuje sana akijifungua. Tumbo nalo hukandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, zaidi upande wa kushoto. Ongeza kisu cha upasuaji, ongeza kulala bila kujinyoosha, damu inakaa mahali pamoja. Na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika wiki 6 za kwanza baada ya kuzaa. Yaani ni arobaini yenyewe! Nilipolisikia hilo nikakuwaza wewe na Salma.

Sisemi arobaini iachwe. Mzazi apumzike, alishwe, asibebe ndoo. Ila kupumzika si kulazwa kama gogo. Madaktari wakishamruhusu kuinuka, atembee uani asubuhi na jioni, akiwa kitandani achezeshe nyayo juu na chini, na anywe maji ya kutosha. Mamake Mwanaisha bado haamini, anasema zamani wanawake walilala na hawakupatwa na kitu. Walipatwa, Rukia, ila waliambiwa ni husuda.

Sasa anachomwa sindano za heparini, chini ya ngozi ya tumbo, na dawa ataendelea nayo miezi 3 au zaidi. Ananyonyesha kama kawaida. Dawa inazuia bonge lisikue, mwili wenyewe unaliyeyusha taratibu. Lakini asimeze aspirini wala dawa za mitishamba bila kuuliza, maana anaweza kuvuja damu. Na vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni ameambiwa akae navyo mbali.

Narudi kwa Salma. Hiyo safari ya basi mpaka Mokowe, miguu imekunjwa saa kwa saa na kidonda kibichi, mimi siipendi. Nyanya yake anaweza kuja Malindi yeye. Ikiwa lazima, muulizeni daktari kwanza, na gari likisimama Garsen au Witu ashuke anyooshe miguu.

Sasa nijibu haya. Marehemu mama yako, alipomzaa Athman, si aliugua mguu muda mrefu? Ulikuwa mguu mmoja au yote? Kuna mwingine kwenu aliyewahi kuganda damu? Salma alikuwa akimeza vidonge vya kupanga uzazi kabla ya mimba hii? Hayo yote daktari wa upasuaji anayajua, au hajaulizwa mtu? Na mkandaji atakuwa nani, Bi Mishi? Utamwambia wewe, au niongee naye mimi, maana ananisikiliza?

Nijibu kabla hajaingia wodini. Msalimie Babu Omar na watoto wote.

Wako,
Amina