Ohsumi alifungisha hamira, hakufungisha mtu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wiki iliyopita uliandika kwamba Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2016 kwa kugundua kuwa kufunga huponya saratani. Habari hiyo huletwa kwenye simu yangu kila Ramadhani ikikaribia, na Kwaresima nayo haibaki nyuma. Huwa naifuta, basi. Ila safari hii jirani yangu mwenye kisukari amebisha hodi na gazeti lenu, amelikunja pale pale penye habari, akaniuliza: Mwalimu, kwa hiyo vidonge niache?

Ohsumi hakumfungisha mtu yeyote. Alifungisha hamira, ndugu wa hii tunayotilia maandazi.

Maabara yake mwenyewe aliipata mwaka 1988, Chuo Kikuu cha Tokyo, akiwa na miaka 43. Alikuwa amepitia Chuo Kikuu cha Rockefeller kule New York akarudi kwao bila jina kubwa. (Sijui kamati za kupandisha vyeo vyuoni mwetu, zinazohesabu makala kama karani wa bandarini anavyohesabu magunia, zingempa alama ngapi mwaka huo.) Akajichagulia jambo ambalo wenzake hawakuwa na haja nalo: vakuoli, kile kifuko kikubwa kilichomo ndani ya seli ya hamira, ambacho wengi walikiona ni jaa tu. Kwamba seli hula sehemu zake yenyewe lilikuwa si geni. Mbelgiji Christian de Duve alikwisha kuliita jambo hilo autofagia mwaka 1963. Ila inajilaje, na kwa amri ya jeni zipi, hapo palikuwa giza.

Ugumu wenyewe ni huu. Mzigo, yaani sehemu za seli zinazoliwa, ukishaingia kwenye vakuoli, vimeng'enya huusaga upesi, kwa hiyo ukichungulia huoni kitu. Ohsumi akachukua hamira iliyozaliwa bila vimeng'enya hivyo, akainyima nitrojeni (ndiko kuifungisha kwenyewe), akakaa kwenye hadubini ya kawaida. Saa chache tu, vakuoli zikawa zimejaa vijifuko vidogo vidogo, vinachezacheza humo ndani bila kutulia. Wazoa taka wako kazini, mchomaji hayupo: jaa likafurika, na kufurika kwake ndiko kukaonyesha kazi iliyokuwa ikifanyika siku zote. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992. Mwaka uliofuata, yeye na mwanafunzi wake Miki Tsukada wakaeleza mabadiliko katika jeni 15 ambayo huzuia kazi hiyo isifanyike. Makala ilitoka FEBS Letters, jarida la heshima lakini si lile watu wanalokanyagana kuliwania.

Ndiyo makala iliyofungua mlango. Jeni za ukoo huo zikaonekana hata kwa binadamu, na watafiti wa saratani, wa ugonjwa wa Parkinson na wa maambukizi wakaingia uwanjani. Ohsumi mwenyewe, siku alipopigiwa simu ya Nobel, alikumbuka kwamba alipoanza, makala kuhusu autofagia hazikuzidi pengine 20 kwa mwaka. Siku hiyo zilikuwa zaidi ya 5,000. Tuzo aliichukua peke yake, hakugawana na mtu.

Sasa saratani. Autofagia inaweza kusaidia kuzuia uvimbe usianze. Lakini uvimbe ukishakomaa, seli zake nazo hujila ili zivumilie njaa. Ni kisu kile kile, inategemea kimeshikwa na nani. Na kweli njaa huiamsha autofagia. Ila kuipima ndani ya mwili wa mtu aliye hai bado ni kazi ngumu, kwa hiyo anayekutajia saa kamili ambayo mwili "huanza kujisafisha" anakisia. Mimi nafunga kila mwaka. Nafunga kwa sababu nimeamrishwa, na sijawahi kumdai Ohsumi ushahidi.

Mwezi uliopita na kidato cha tano tuliloweka hamira ya dukani katika maji ya uvuguvugu na sukari, tukadondosha tone moja kwenye kioo. Vijana walitazama viduara vikichipua vingine ubavuni, na ndani ya baadhi doa la mviringo lililopauka, ndiyo vakuoli yenyewe. Kijana mmoja wa nyuma akaniuliza, kwa hiyo yule mzee alitazama hicho tu? Hicho tu, nikamwambia, miaka na miaka. Aling'ang'ania hadubini mpaka kengele ikalia.

Naomba mrekebishe habari ile, ukurasa ule ule, na kwa herufi kubwa zile zile. Jirani nimemwambia asiache kidonge hata kimoja mpaka aonane na daktari wake. Amekubali, ila gazeti hajaliacha, anasema na ninyi mko na wasomi.

Mwalimu wa Biolojia,
Tanga