Risala ya Klabu ya Uandishi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kiswahili Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi,

Kwa niaba ya Klabu ya Uandishi, ninakukaribisha katika maadhimisho ya siku hii iliyotengwa na UNESCO mwaka 2021. Tumeamua kuitumia kueleza kazi za wanafunzi badala ya kuisifu lugha, maana sifa hizo umekwishazisikia kwingi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, barua rasmi ni mada ambayo wengi wetu huifundisha huku tukipiga miayo. Mwaka huu niliwaagiza wanafunzi wa Kidato cha Pili waandike barua ya kuomba ruhusa, ila mwombaji asiwe binadamu. Barua moja ilitoka kwa kengele ya shule, ile rimu ya lori inayoning'inia kwenye mwembe mbele ya ofisi. Anwani zote mbili zilikaa mahali pake, kichwa kikasomeka "YAH: KUOMBA LIKIZO YA UGONJWA", na mwombaji akaeleza kwa heshima zote kwamba enzi za ujana wake alibeba pamba kutoka vijijini hadi kiwandani bila kuguswa na mtu, ilhali sasa anapigwa nondo kila baada ya dakika 40 na hajaambiwa kosa lake. Nilicheka peke yangu hadi wenzangu wakadhani nimepata habari za nyongeza ya mshahara.

Mwandishi mwingine, binti wa mvuvi wa hapa kwetu kando ya Ziwa Victoria, alitunga hadithi ya dagaa waliofanya mkutano kumsihi mwezi asizame. Sote tunajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo katika hadithi yake usiku ambao nyumbani kwao hakuna kitoweo ndio usiku wa sikukuu ziwani. Katikati ya mkutano, dagaa mdogo kuliko wote anauliza kwa nini waziogope taa zinazopendeza kuliko mwezi, na hakuna mzee anayemjibu. Sikuongeza hata nukta.

Watoto hawa huandika vizuri zaidi wanapopewa jambo walilolishika kwa mikono yao. Nikiwapa insha ya umuhimu wa elimu, hunirudishia sentensi zilezile zilizomo katika vitabu vya kujiandalia mtihani, na siwezi kuwalaumu.

Wapo wanaoniuliza kuhusu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Huwajibu kwamba kwanza wamalize hadithi walizozianza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shida yetu kubwa ni kwamba kazi hizi zimo katika madaftari tu, na mwaka ukiisha madaftari hayo huishia sokoni kufungia karanga. Tunaomba utusaidie kuchapa kijarida kimoja kwa mwaka, nakala zake zibaki maktaba ili wanaokuja Kidato cha Kwanza wazisome. Tunaomba pia vitabu vya hadithi na mashairi, kwa kuwa vilivyopo vinagombaniwa na wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu mlezi, Klabu ya Uandishi